Yesu Rafiki wa Nyumba Yenu



Mtu aweza kumtumikia Bwana miaka mingi asiwe rafiki yake. Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe yalinipata. Nilifundisha wakatekumeni, nikaongoza sala katika jumuiya ndogo, na jioni nikafika nyumbani nimechoka, nikadai chakula na kufungua kitabu changu cha mafundisho. Usiku mmoja mke wangu, akiwa bado anaosha vyombo, aliniuliza kwa upole: "Baba Anna, huyo Yesu unayewafundisha watu, sisi hapa nyumbani tutamwona lini?" Sikuwa na jibu.

Katika Yohane 15:15, Yesu anawaita wanafunzi wake marafiki, wala si watumwa tena. Mtumwa hupokea agizo akaenda zake. Rafiki huketi, akasikiliza, akajua yaliyo moyoni mwa rafikiye. Akisha kuyajua, huwapenda wale ambao rafikiye anawapenda. Basi sala ya kimya na huduma haviwezi kutengana. Na ninyi mliofunga ndoa, mtu wa kwanza ambaye Yesu amewakabidhi mmhudumie ni mwenzi wenu.

Watazameni Watakatifu Louis na Zélie Martin wa Alençon, Ufaransa, waliofunga ndoa mwaka 1858. Louis alikuwa fundi wa saa, naye Zélie alikuwa na biashara ya kutengeneza lesi. Walipata watoto tisa, wakazika wanne wangali wadogo. Kitindamimba wao ndiye Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Hawakuwa na nafasi kuliko sisi, lakini walihudhuria Misa ya alfajiri, na Jumapili Louis hakufungua duka. Kutoka kanisani walirudi kwa watoto wao, kwa kazi zao na kwa maskini. Zélie alifariki mwaka 1877 kwa saratani, na Louis akabaki kuwalea mabinti watano. Papa Fransisko aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015.

Nanyi anzeni na mambo madogo:

1. Amkeni robo saa kabla ya watoto. Someni mistari michache ya Injili ya siku, kisha nyamazeni. Msianze kwa kumhesabia Bwana shida zenu.

2. Ukipita karibu na kanisa, ingia umsalimu Yesu katika Tabernakulo, hata kwa dakika tano.

3. Kila siku mfanyie mwenzako kazi moja bila kuombwa, wala usiitangaze. Baba, teka maji au mwogeshe mtoto. Mama, msikilize mumeo mpaka amalize, hata kama habari yenyewe umeshaisikia.

Mimi nilianza na vyombo. Majirani walinicheka, nami niliona haya. Lakini pale kwenye karai ndipo nilipojifunza kuzungumza na Yesu bila kitabu. Baada ya majuma kadhaa, alfajiri moja, mke wangu alikuja akaketi kando yangu bila kuitwa. Hatukusema neno.

Usiku huu, kabla ya kulala, ulizaneni: Je, mwenzangu amemwona Yesu kwangu leo? Jibuni kwa ukweli, na msigombane.

Mungu azibariki ndoa zenu.