SOMO LA MWEZI WA MAREHEMU: "ULIKUWA WAPI WAKATI WA VITA?"



Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Tena Jumapili yake ya pili ndiyo siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Kila mwaka tunasoma majina kanisani. Lakini yako majina ambayo familia haiyasomi kwa sawasawa, maana aliyeondoka hakurudi na hakuna ajuaye alizikwa wapi. Wengine walirudi, wakanyamaza, wakafa na habari zao. Somo hili ni la kutusaidia kuokota kilichobaki kabla hakijapotea chote.

1. Vita vilipita hapa hapa kwetu

Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kwenda Maktau hadi Mbuyuni ili kupeleka askari na mizigo. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi wa Machi Taveta ikarudi mikononi mwao, na mapigano makali yakafanyika kwenye vilima vya Latema na Reata.

Wengi wa watu wetu hawakuwa na bunduki, walibeba mizigo. Kwa hesabu za serikali yenyewe wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa katika vita vile vya Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zilipata majina kutokana na kikosi chao. Na watu wa Kasigau, mwaka 1915, walihamishwa wakapelekwa Malindi kwa madai ati wamewasaidia Wajerumani. Wengi walifia ugenini. Hao nao ni watu wa vita, wala tusiwasahau kwa sababu hawakuvaa sare.

Leo ukienda makaburi ya vita ya Voi, Taveta au Maktau utaona mawe yenye majina, yametunzwa vizuri. Mpagazi hana jiwe lake. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri wazi kwamba Waafrika wengi hawakuheshimiwa sawa na wenzao wazungu. Kwa hiyo jina tusipoliandika sisi, huenda lisiandikwe na mtu.

2. Kutambua alikokuwa

Wazee wa vita vya pili, vya 1939 hadi 1945, karibu wote wametutoka. Lakini watoto na wajukuu wamebaki na vipande vya habari. Mzee hakutaja mwaka, alitaja mahali. Tumia mahali kupata mwaka:

- Akisimulia Waitaliano, jangwa na milima ya Ethiopia: ni 1940 hadi 1941.
- Akitaja Madagascar: ni 1942.
- Akitaja Ceylon (siku hizi Sri Lanka): ni kati ya 1942 na 1944.
- Akitaja Burma, matope, ruba na mto Chindwin: ni 1944 na kuendelea.

Kama familia inasema "alizama na meli," kumbukeni meli Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kuelekea Ceylon, ikapigwa na Wajapani tarehe 12 Februari 1944. Watu karibu 1,300 walikufa, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Si lazima ndugu yenu awe alikuwamo, lakini ni mahali pa kuanzia kuuliza.

3. Namna ya kuuliza

Wako pia askari wa juzi, vijana wetu waliotumwa Somalia tangu Oktoba 2011. Hawa wako hai, tunaishi nao, na wengine hawasemi. Basi tuwe waangalifu:

- Omba ruhusa kwanza. Akisema "leo sitaki," mwache.
- Anza na "Ulikuwa wapi? Mlikula nini? Rafiki yako alikuwa nani?" Usimuulize aliua wangapi. Swali hilo linafunga mdomo.
- Wawili wakitofautiana, usiwaamue. Aliyekuwa jikoni na aliyekuwa mbele hawakuona vita vimoja. Andika yote mawili.
- Akilia au akikasirika, funga daftari, kaa naye. Asiyelala usiku, anayelewa kila siku au anayewapiga watu wa nyumbani anahitaji msaada wa hospitali na wa jumuiya pamoja. Si mtu wa kuchekwa, na familia yake nayo isiachwe peke yake.
- Mama zetu nao waulizwe. Aliyebaki na watoto na shamba alikuwa vitani kwa njia yake.

4. Tahadhari

Nishani, picha na barua ya kuachishwa jeshi msiuze. Barua itolewe nakala, ile yenyewe ihifadhiwe pakavu. Mtu akija na habari za fidia kutoka Uingereza, akataka kwanza "pesa ya fomu", msimpe hata shilingi. Nendeni kwanza kwa chifu au ofisi ya parokia muulizie.

5. Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika ukoo wetu ni nani aliyekwenda vitani asirudi? Jina lake kamili ni lipi?
2. Kwa nini wazee wetu wengi walinyamaza?
3. Kuna familia hapa iliyowahi kuitwa wasaliti kama watu wa Kasigau? Twawezaje kuponya jeraha hilo?

Kazi ya kufanya: Kila nyumba ilete karatasi moja yenye jina, alikokwenda, na ni nani aliyesimulia. Mwenyekiti wa jumuiya azikusanye zote katika daftari moja, na majina yaombewe kwenye Misa ya marehemu. Asiyejulikana kaburi lake, na ajulikane jina.

Raha ya milele uwape ee Bwana.