Kutoka Kaunta Kwenda Ghalani

Mtu aliyeachishwa kazi ya dukani yenye ujira wa kijungujiko aghalabu huhimizwa na jamaa zake akimbilie duka jingine kabla mwezi haujaandama, na shauri hilo, ingawa hutokana na mapenzi, mimi sikulifuata, kwa kuwa nilikwisha kuona ya kwamba atokaye kaunta moja na kwenda nyingine hubadili sare tu, mshahara ukabaki ule ule.

Duka nililolitumikia Dar es Salaam lilipofungwa, nilianza na haki zangu kabla ya barua za maombi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mtumishi anayeondoka cheti cha utumishi. Na aliyepunguzwa, ikiwa ametimiza miezi 12 mfululizo, alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Anayeona ameachishwa kwa dhuluma ana siku 30 za kufikisha lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nazo hupita upesi kwa mwenye simanzi. Kiinua mgongo changu kilikuwa kidogo, lakini kilitosha kodi ya chumba na unga, nami nikapata uwezo wa kukataa kazi duni ya kwanza iliyonijia.

Kisha nilichukua daftari nikaandika, si cheo changu, ambacho hakikumwambia mtu chochote, bali kila amali niliyoifanya: kupokea mzigo mlango wa nyuma, kulinganisha katoni na hati iliyokuja nazo, kutanguliza rafuni bidhaa zinazokaribia kuisha muda, kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi na kueleza upungufu umetokea wapi. Nilipoisoma orodha hiyo nikabaini kwamba hiyo ni kazi ya mtunza ghala, ambaye hulipwa zaidi ya muuzaji.

Sasa nani wa kuambiwa? Wengi hupeleka bahasha kwa mlinzi wa getini, zikaishia hapo. Mimi nilikwenda kwa madereva na maafisa mauzo waliokuwa wakituletea bidhaa, kwani hao ndio mashahidi wa kweli wa uaminifu wetu: wanamjua aliyerudisha katoni iliyozidi na aliyenyamaza, na hupata habari ya nafasi iliyo wazi kabla tangazo halijabandikwa. Sikuwaambia, "Nisaidie kazi, kaka," maneno ambayo humtia mtu uzito, bali niliuliza, "Kaka, huko ghalani kwenu wanamtaka mtu anayejua nini?" Jibu lilikuwa moja kila mahali: hesabu za ghala kwenye kompyuta. Nikajifunza jioni, kwa jirani mwenye kompyuta, mpaka nikaweza kuandaa jedwali la mali iliyoingia na iliyotoka. (Wenye ufundi wa mikono wana njia nyingine, maana VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huurasimisha ujuzi uliopatikana kazini.)

Dereva mmoja alinipeleka kwa msimamizi wake katika maghala ya Barabara ya Nyerere. Baada ya shikamoo na maswali yake, nami niliuliza yangu kwa taadhima: mshahara kabla ya makato, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), na malipo ya saa zinazozidi 45 kwa juma, ambazo sheria inataka zilipwe mara moja na nusu. Hakukasirika, aliniandikia yote katika mkataba, nikausoma nyumbani usiku ule, na asubuhi nikautia saini.