SOMO: KULINGANISHA GHARAMA YA BIMA YA NOAH



Katika vikao vingi vya kamati za parokia, suala la bima ya gari huchukua dakika tano. Mhazini huleta profoma tatu kutoka kampuni tatu, wajumbe hutazama jumla iliyoandikwa chini ya kila karatasi, na ile iliyo ndogo kuliko zote hupitishwa. Nyumbani hali ni hiyo hiyo: baba au mama huwapigia simu mawakala wawili, husikia bei, na kuchagua ya chini. Somo la toleo hili linahusu kosa lililojificha katika utaratibu huo. Tutatumia mfano wa Noah, kwa kuwa ni gari linalopendwa na familia nyingi za Tanzania zenye watoto wengi, na ndilo ambalo jumuiya na parokia huliazima kila unapotokea msiba au harusi.

Bima ndogo na bima kubwa

Kwanza tukumbushane. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari linalotembea barabarani awe na bima ya kuwakinga watu wengine. Hiyo ndiyo tunayoiita bima ndogo. Kwa gari binafsi ada yake imekuwa kwa miaka mingi shilingi 100,000, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 unapata 118,000. Bima hii humlipa yule uliyemgonga. Noah yako ikipondeka, utaitengeneza mwenyewe.

Bima kubwa inaongeza kinga ya gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi, na ada yake hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kwa hiyo kazi ya kulinganisha iko hasa kwenye bima kubwa. Ukikata bima ndogo, usipoteze siku nzima kuzunguka mjini kutafuta nafuu ya shilingi elfu chache. Hakikisha tu kwamba kampuni imesajiliwa na kwamba bima yenyewe ni ya kweli.

Profoma tatu za familia moja

Mwaka 2018 familia moja ya jumuiya yetu mjini Morogoro ilikuwa na Noah iliyonunuliwa kwa mafao ya mzee, mwalimu mstaafu. Gari lilipeleka wajukuu shule asubuhi na kumpeleka bibi yao hospitali kila mwezi. Thamani yake sokoni ilikuwa shilingi 15,000,000. Mzee aliomba bei tatu, na kwa ridhaa yake tunaziweka hapa bila kutaja kampuni.

Profoma ya kwanza ilikuwa shilingi 413,000, ya pili 619,500, na ya tatu 708,000. Mzee alichagua ya kwanza. Mimi nilikuwa naye siku hiyo, nikampongeza kwa kuokoa fedha.

Laiti tungesoma yaliyoandikwa juu ya jumla hizo! Kampuni ya kwanza na ya pili zilitoza asilimia ile ile, 3.5. Tofauti ni kwamba wakala wa kwanza aliandika thamani ya gari kuwa shilingi 10,000,000. Asilimia 3.5 ya milioni kumi ni 350,000, na pamoja na kodi ni 413,000. Wa pili aliandika milioni kumi na tano, yaani 525,000 kabla ya kodi. Hapakuwa na punguzo lolote. Tulikuwa tumenunua theluthi mbili ya bima kwa theluthi mbili ya bei. Kampuni ya tatu ilitoza asilimia 4 ya milioni kumi na tano, lakini ndani yake kulikuwa na matibabu ya abiria na gharama ya kuvuta gari.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo liliandikwa kwa herufi ndogo. Karibu kila bima kubwa humwachia mwenye gari abebe sehemu ya hasara mwenyewe kila anapodai fidia. Kwa kampuni ya kwanza na ya pili sehemu hiyo ilikuwa asilimia 10 ya dai. Kwa ile ya tatu ilikuwa shilingi 150,000 tu, dai liwe dogo au kubwa.

Safari ya Iringa

Mwaka huo huo tulipata msiba wa mwanajumuiya na mazishi yakawa Iringa. Mzee alitoa Noah yake bila kudai chochote. Watu saba walisafiri, na kila mmoja alichangia shilingi 20,000 za mafuta. Majina na michango niliyaandika mimi, kama katibu, kwenye karatasi ya daftari. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko wa Kitonga, dereva hakuwahi kupunguza mwendo akaligonga lori lililokuwa mbele. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyefariki. Mama mmoja alivunjika mkono, na mbele ya gari palikwisha: bampa, boneti, rejeta na taa zote mbili.

Gereji ilitaka shilingi 4,500,000. Mkataba ulikuwa na kifungu cha uwiano, kinachosema kwamba gari likikatiwa bima kwa thamani pungufu, fidia nayo hupungua kwa kiwango hicho hicho. Milioni kumi kwa kumi na tano ni theluthi mbili, hivyo kampuni ilikubali shilingi 3,000,000. Ilipotoa asilimia 10 yake, zikabaki 2,700,000. Mzee alitakiwa kutafuta shilingi 1,800,000. Angekuwa na bima ya pili, angebeba 450,000. Na ya tatu, 150,000. Kumbe tulipongezana kwa kuokoa 206,500.

Mkono wa yule mama haukuwamo kabisa katika bima. Tulichangishana.

Gari linatumika kwa kazi gani?

Hata hizo 2,700,000 zilichelewa miezi saba, na sababu ilikuwa karatasi yangu. Mkaguzi wa madai aliiona, akauliza kwa nini abiria walilipa. Gari lilikuwa limekatiwa bima ya matumizi binafsi. Gari la binafsi likibeba abiria kwa malipo, kampuni ina hoja ya kukataa dai lote. Tulieleza kwamba ni mafuta tu, tukaleta risiti za kituo cha mafuta, tukaandika barua tatu. Katika miezi hiyo wajukuu walikwenda shule kwa bodaboda, na bibi alikosa kliniki mara mbili.

Naomba wajumbe wa kamati watulie hapa, kwa maana ndipo tunapokosea zaidi. Kila fomu ya bima ina nafasi ya kuandika matumizi ya gari. Wakala mwenye haraka hujaza "binafsi" bila kuuliza, kwa kuwa ndiyo nafuu. Lakini gari la parokia linalokodishwa kwa harusi siku ya Jumamosi, hata kama fedha zinakwenda kwenye mfuko wa ujenzi, ni gari la biashara siku hiyo. Linahitaji bima ya kubeba abiria kwa malipo, ambayo ada yake ni kubwa zaidi, na linahitaji leseni ya LATRA. Huwezi kulinganisha bei ya bima binafsi na bei ya bima ya biashara ukasema moja ni ghali. Ni vitu viwili tofauti. Amueni kwanza gari litafanya kazi gani, mwiandike kwa ukweli, ndipo muombe bei.

Vivyo hivyo kwa dereva. Baadhi ya mikataba hutaja nani anaruhusiwa kuendesha. Kama Noah ya familia huendeshwa na baba, kijana wake na mkwe, wote waandikwe, na leseni zao ziwe hai.

Mengine ya kuuliza

Thamani isiandikwe kwa kukisia. Ukiipunguza, yatakupata yaliyompata mzee. Ukiizidisha huambulii kitu, maana gari likiharibika kabisa au kuibwa, kwa kawaida kampuni hulipa thamani ya soko ya wakati huo na si ile uliyoitamani. Noah nyingi zetu ni za zamani. Za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2001. Baadhi ya kampuni hukataa kuzipa bima kubwa magari ya umri huo, na pengine kwa gari la namna hiyo bima ndogo pamoja na akiba ya matengenezo benki inatosha. Haya ni maoni yangu. Kamati nyingine itaona vingine.

Aliyemaliza mwaka bila kudai fidia aulize punguzo lake, na akihama kampuni aombe barua ya kuthibitisha hilo.

Kwa wanaokwenda hija Namugongo, Uganda, kila Juni, bima ya nyumbani haitoshi mpakani. Ombeni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo huwakinga watu wengine mtakaowasababishia madhara katika nchi zinazoshiriki mpango huo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki katika mpango wa kadi hiyo.

Siku hizi bima ya gari hutolewa kwa mfumo wa kielektroniki, na unaweza kuihakiki kwa namba ya usajili wa gari katika mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Fanya hivyo kabla hujaondoka dukani kwa wakala. Na kampuni ikikunyima haki yako, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Sisi hatukuifahamu mwaka 2018. Pengine miezi saba ingekuwa mitatu.

Kwa wahisani wetu

Tunawashukuru kwa magari mliyotusaidia kununua. Tuna maombi mawili. La kwanza, andiko la mradi likija na bei ya gari bila ada ya bima ya miaka mitatu ya mwanzo, lirudisheni. Tumeona gari zuri likibaki na bima ndogo kwa sababu fedha za mradi zilikwishia bandarini.

La pili ni kuhusu masharti ya bei tatu. Tunaelewa shabaha yake, nayo ni njema. Lakini mkaguzi anapouliza tu kwa nini hatukuchukua ya chini, mhazini hujifunza kuchukua ya chini. Tunaomba fomu zenu ziruhusu kamati kuambatanisha ukurasa mmoja unaoonyesha, kwa kila kampuni, thamani iliyoandikwa, matumizi, sehemu ya hasara itakayobaki kwetu, na kama abiria wamo. Kampuni zote tatu ziulizwe kwa barua moja yenye maneno yale yale, ili majibu yalingane. Baada ya hapo, ya chini ikishinda, tutaichukua kwa furaha.

Noah ya mzee ilitengenezwa na bado inatembea. Karatasi ya michango ya misiba bado naiandika mimi, ila fedha hizo sasa tunakodi Coaster yenye leseni na bima ya abiria, na nakala ya bima hiyo huwekwa katika faili la jumuiya kabla gari halijaondoka.