Mungu hakuuliza pesa za mitungi

Dada yangu Mweka Hazina,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Ya pili nilicheka kidogo, na najua utanisamehe.

Unasema wewe ndiwe unayeshika hazina ya kamati ya kisima huko Tawa. Pampu iliungua, kioski cha maji kikafungwa wiki tatu, na mwezi huo huo jiko lako likaezekwa mabati mapya. Steji ya boda boda ikapiga hesabu yake. Sasa unaitwa Mama Mabati, picha ya paa lako imezunguka kwenye grupu ya WhatsApp ya wadi, nawe umejitoa kwenye grupu hiyo saa tano usiku baada ya kuwaandikia watu maneno ambayo hukunitajia, ingawa nayakisia. Jumapili ukasimama kanisani ukasema Mungu ndiye shahidi wako. Kwa kuwa kuna watu wanaokusukuma ugombee udiwani Agosti 2027, una hakika yote haya yamepikwa na mpinzani. Unataka nikwambie kama ushtaki, ujiuzulu, au unyamaze ulinde heshima yako.

Kwanza tumwache Mungu. Ukweli anaujua, lakini si yeye aliyeuliza pesa za mitungi ya maji iliyouzwa kioskini ziko wapi. Aliyeuliza ni jirani yako, ambaye kwa wiki tatu amekuwa akifukua mchanga wa mto apate maji ya kupikia.

Katika maneno yote uliyoninukulia, hilo ndilo lililonigusa: "Tumenunua maji miezi yote hiyo, pesa za kutengeneza pampu ziko wapi?" Wewe umeliweka pamoja na matusi. Dada, hilo si tusi wala uvumi. Ni swali, tena swali zuri, na ningekuwa mkazi wa huko ningeliuliza mimi. Limekufikia likiwa limechanganyika na kejeli za mabati, nawe ukaona kejeli tu.

Kejeli zenyewe ziache. Umeniambia mabati yamenunuliwa na mwanao aliye Nairobi. Liseme hilo mara moja, kwa sentensi moja, basi. Usianze kuonyesha watu ujumbe wa M-Pesa wa mwanao, maana ukifungua mlango huo, kesho utaulizwa bei ya kuku wako.

Ule uongo mwingine, kwamba mkandarasi wa kisima alikugawia mamilioni, unahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa sababu wanaousema hawajui kazi ya kamati inavyokwenda. Huko Makueni mkandarasi analipwa na kaunti. Nyinyi wanakamati mnakagua kazi na kutia sahihi kwamba imekamilika, lakini pesa zake hazipiti mikononi mwenu. Waeleze bila kuwacheka. Atakayetaka karatasi, mwambie aiandikie kaunti barua. Sheria ya upatikanaji wa habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Hata wewe unaweza kuiandika barua hiyo leo.

Sasa turudi kwenye swali, maana hapo ndipo unapokwepa. Unasema daftari liko kwa mwenyekiti, na kwamba huwezi kujidhalilisha kuwasomea hesabu watoto wa juzi. Kisha unaongeza kwamba "karibu" kila kitu kimeandikwa. Hiyo "karibu" ndiyo iliyonirudisha kuisoma barua yako mara ya pili.

Simaanishi umeiba. Nadhani kuna wiki hukuandika, labda ulikuwa na mgonjwa au msiba, na sasa unaona haya. Aibu hiyo ndiyo inayokupandisha hasira kuliko picha ya paa. Basi ichukue wewe kabla hawajakuletea. Muombe mwenyekiti aitishe mkutano, na ufanyike pale kioskini, si nyumbani kwako. Leteni daftari, risiti za umeme, malipo ya mlinzi, salio, na bei ya kutengeneza pampu. Anayekuita Mama Mabati kwa sauti kubwa kuliko wote, mpe yeye daftari asome. Mkifika kwenye wiki zisizoandikwa, sema kwamba hazikuandikwa na kwa nini, kabla mtu hajanyoosha mkono. Watakugunia. Waache wagune.

Kuhusu kushtaki, najua mahakama iko hapo hapo Tawa na inatamanisha. Lakini kosa la jinai la kukashifu lilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2017, kwa hiyo usitarajie polisi wakukamatie kijana wa boda boda kwa kosa hilo. Imebaki kesi ya madai. Utamlipa wakili, utasubiri, na siku ya kusikizwa wakili wa upande wa pili ataomba kitu kimoja: lile daftari. Si afadhali ulisome bure?

Unalalamika pia kwamba wanasiasa wakubwa hujibu moto kwa moto na hakuna anayewasema. Umesahau yaliyotokea mjini Wote? Mwaka 2014 Gavana Kivutha Kibwana na madiwani wake walivutana juu ya bajeti mpaka risasi zikasikika katika bunge la kaunti na watu wakajeruhiwa. Wakazi walitia sahihi ombi la kutaka kaunti yote ivunjwe, viongozi wote warudi debeni. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Mohamed Nyaoga ilikaa, ikasikiliza, ikaunga mkono ombi hilo, ingawa Rais Uhuru Kenyatta alilikataa mwaka 2015. Kibwana mwenyewe hakupinga kaunti kuvunjwa, ijapokuwa naye angepoteza kiti. Mwaka 2017 alichaguliwa tena, na madiwani wengi wa bunge lile wakapelekwa nyumbani. Hao ndio watu unaotaka kuwaongoza. Wamezoea kuuliza tangu zamani, na hawaulizi kwa sababu wametumwa.

Labda mpinzani yupo kweli. Lakini si yeye aliyeunguza pampu, wala si yeye aliyekuzuia kusoma hesabu mwisho wa mwezi. Na wifi yako aliyeweka "lisemwalo lipo" kwenye simu yake, msalimie kama kawaida, umkaribishe mkutanoni.

Kujiuzulu kabla ya mkutano huo sikushauri, kwa sababu utaonekana umekimbia. Baada ya mkutano, wakitaka mweka hazina mwingine, mkabidhi daftari na funguo siku hiyo hiyo. Na tafadhali, pale kioskini usitaje udiwani hata kidogo. Ukiutaja, hesabu yote itageuka kampeni na utakuwa umejimaliza mwenyewe.

Kisha omba urudishwe kwenye grupu. Yule uliyemwandikia vibaya zaidi usiku ule, usimwombe radhi kwa simu. Nenda kwake, na uende kabla ya mkutano.