Kusawazisha Silaha na Ngao katika Mchezo wa Mezani: Somo la Sehemu na Historia kwa Darasa la Sita

Mchezo wowote anaoupeleka mwalimu darasani una hukumu ndani yake. Kanuni zake humwambia mtoto nani mwenye nguvu na kwa sababu gani, na mtoto huamini alichokicheza upesi kuliko alichoambiwa. Kwa hiyo mwanachuo anayetaka kufundisha kwa mchezo wa vita hana budi kujifunza kwanza kusawazisha silaha zake. Makala haya yanaeleza kazi hiyo.

Katika mchezo wa kuigiza wa mezani, kila mchezaji hushika nafasi ya mtu mmoja, hutamka anachotenda, na dadu huamua matokeo. Mchezo wa namna hii uliofahamika zaidi, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Marekani mwaka 1974. Huko hupigana na mazimwi. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunayo Lugalo.

Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, chenye bunduki na mizinga, kilishambuliwa Lugalo na Wahehe wa Mkwawa waliokuwa wamejificha kichakani. Zelewski aliuawa, pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Lakini tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga, yenye ukuta wa mawe, ilitekwa na jeshi la Friedrich von Schele. Bunduki iliyoshindwa kichakani ilishinda ngomeni. Mchezo mzuri ni ule utakaomwezesha mtoto kueleza kwa nini.

Zana. Kadi za boksi zilizochorwa silaha, visoda vya kuhesabia uhai, dadu ya udongo au mti yenye pande sita, na ubao wenye miraba. Silaha zibaki kwenye kadi; pasiwe na fimbo wala ncha kali.

Makosa mawili. Wanafunzi wakiachiwa wapange wenyewe, huipa bunduki alama nyingi na mkuki alama chache. Hapo wote hutaka bunduki, mchezo huisha upesi, na mtoto hutoka akiamini kwamba babu zake walikuwa wajinga kupigana. Mwalimu akitaka kurekebisha kwa kuzipa silaha zote alama sawa, hufanya kosa la pili, kwani hakuna tena sababu ya kuchagua. Kusawazisha si kufanya vitu vifanane. Ni kuhakikisha kwamba kila silaha ina mahali pake na ina gharama yake.

Kanuni. Kila mchezaji ana visoda 6 vya uhai na mikono miwili, na husogea mraba mmoja kwa zamu. Mkuki hushika mkono mmoja, hufika ndani ya mraba uleule tu, hupata dadu ikitoa 3, 4, 5 au 6, na huondoa visoda 3. Bunduki hushika mikono yote miwili, hufika miraba mitatu, hupata kwa 4, 5 au 6, na huondoa visoda vyote 6. Lakini baada ya kila risasi, zamu inayofuata ni ya kushindilia. Mkono wa pili wa mwenye mkuki uchague kimoja: ngao, au mkuki wa kurusha mraba mmoja, mara moja tu. Ngao hupunguza pigo la mkuki kutoka visoda 3 hadi 2. Risasi huipenya. Mwenye bunduki hana mkono wa kuishikia.

Hesabu. Sasa darasa lipime. Uwanda wazi: mwenye mkuki yuko miraba mitatu mbali, na bunduki imeshindiliwa nayo inaanza. Kabla hajafika atapigiwa risasi mbili, na nafasi ya kuokoka zote ni 1/2 × 1/2 = 1/4. Kati ya wanne, kwa wastani hufika mmoja. Kichakani: anatokea ndani ya mraba uleule, anaanza yeye, na bunduki haijashindiliwa. Atachoma mara mbili kabla ya risasi ya kwanza, na nafasi ya kumwangusha adui kabla hajafyatua ni 2/3 × 2/3 = 4/9. Silaha ni zilezile. Kilichobadilika ni umbali. Mwanafunzi aliyefika hapo ameielewa Lugalo, na amezidisha sehemu bila kulazimishwa.

Zoezi. Mtu mwenye ngao ataangushwa kwa michomo mitatu mfululizo kwa nafasi gani? (Jibu: 8/27.) Je, ngao ina thamani gani mbele ya bunduki?

Silaha za kubuni. Mtoto akileta upinde au rungu, usimkatalie. Mwulize maswali matatu: inafika wapi, inapata mara ngapi katika sita, na inamdai nini anayeishika? Akikosa jibu la swali la tatu, kadi yake haijakamilika.

Tahadhari. Wachezaji wabadilishane pande kila kipindi. Askari wengi wa Zelewski walikuwa Waafrika, na Merere wa Usangu, katika Mkoa wa Mbeya wa leo, alikuwa hasimu wa Mkwawa. Darasani mwako huenda wamo wajukuu wa pande zote. Wala vita isigeuzwe dhihaka: Mkwawa alikufa mwaka 1898, na fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 tu, limehifadhiwa Kalenga. Funga kipindi kwa kuuliza, si nani ameshinda, bali ni nini kilichomshindisha. Jibu likiwa "bunduki" peke yake, rudi kwenye kadi zako: bado hujasawazisha.