Shura na Makubaliano ya Kigali: Fundi wa Friji Ana Kauli?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu msomaji, ukipanda basi Kisimenti kuelekea mjini, ukishapita Gishushu utaliona kuba la Kigali Convention Centre. Humo, tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya mazungumzo ya usiku kucha, wajumbe wa karibu nchi 200 walikubaliana kupunguza gesi za HFC zinazotumika katika friji na viyoyozi. Baadhi ya gesi hizi hunasa joto kuliko kaboni dioksidi kwa zaidi ya mara elfu moja. Makubaliano hayo, yaitwayo Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Yakitekelezwa kikamilifu, wataalamu wanakadiria yataiepusha dunia na ongezeko la joto la hadi nusu nyuzi kufikia mwisho wa karne hii.

Sasa mtazame fundi wa friji hapa Remera. Akifungua bomba la gesi bila chombo cha kuikusanya, gesi yote inapaa hewani. Mkono wake ndio unaotimiza ahadi ile au kuivunja. Je, nani amemuuliza chombo hicho atakipata wapi, na kwa bei gani? Na mama anayeuza maziwa ya baridi, friji mpya ataimudu?

Msingi wa somo

Katika Surat Ash-Shura, aya ya 38, Allah anawasifu waumini kwamba huendesha mambo yao kwa kushauriana. Sifa hiyo imewekwa baina ya kusimamisha swala na kutoa katika riziki. Basi shura si pambo la uongozi, ni sehemu ya dini.

Mtu atasema: tabianchi ni jambo la wataalamu, raia wa kawaida anajua nini? Jibu liko Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (s.a.w.) alipendelea kubaki Madina. Wengi, hasa vijana, walitaka kutoka, naye akatoka nao. Yaliyowapata Waislamu siku ile tunayajua. Hata hivyo, baada ya msiba huo ikashuka aya ya 159 ya Surat Al Imran, ikimwamuru awasamehe na aendelee kushauriana nao. Tuzingatie: shura haikufutwa kwa sababu ya matokeo mabaya.

Kuna funzo la pili. Siku ile wapiga mishale wengi waliacha nafasi yao mlimani, na mambo yakageuka. Mpango hushikiliwa na yule aliyesimama mwishoni kabisa. Katika Makubaliano ya Kigali, huyo ni fundi wetu.

Inawezekana?

Imeshajaribiwa. Mwaka 2021, watu 100 kutoka pande mbalimbali za dunia walichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, wakajifunza, wakajadiliana, na tamko lao likapelekwa kwenye mkutano wa COP26 mjini Glasgow. Upungufu wake ni kwamba serikali hazikulazimika kulifuata. Kwa upande mwingine, Mkataba wa Paris wa 2015, kifungu cha 12, unazitaka nchi zishirikiane kuimarisha elimu na ushiriki wa umma. Mlango upo, ila haufunguki wenyewe.

Sisi Rwanda tuna umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na baada ya kazi wakazi hukaa kikao. Hapo ndipo pa kuanzia. Mwanafunzi aliyesoma mkataba aueleze kwa Kinyarwanda chepesi, amsikilize fundi, kisha hoja zao ziandikwe na kupelekwa ngazi za juu kabla ya wajumbe kusafiri, si baada ya kurudi.

Maswali ya darsa

1. Kushauri na kutaarifu vinatofautiana vipi?
2. Anayejua akanyamaza kikaoni, ametimiza amana yake?
3. Katika mtaa wako, ni nani anayeguswa na uamuzi ambao hakuulizwa?

Allah atujaalie tuwe wenye kusikiliza kabla ya kuamua. Wabillahi tawfiq.