Mashua ikiwa juu ya gadi: pesa za kalafati na rangi zifuate bamvua

Pita ufukweni Watamu mwezi wa tano au wa sita, utaziona zimeegemea gadi zake, matumbo nje, rangi imebabuka. Kusi imechachamaa, nje ya mwamba hapaendeki, wageni wamepungua, na wenye vyombo wameamua kuwa sasa ndio wakati wa kutengeneza. Uamuzi ni mzuri. Tatizo ni kwamba huu ndio msimu mfuko uko mtupu kuliko yote.

Na hapo ndipo tunapopigiwa simu. "Fundi anataka pesa zote kabla hajashika nyundo. Nimtumie?" Jibu fupi ni la, usimtumie. Lakini pia usimfanyie fundi ubahili, maana naye ana watoto wa kulisha na hajui kama wewe ni mtu wa kulipa. Ili mpatane vizuri, yafaa wewe mwenye mashua uijue kazi inavyokwenda hatua kwa hatua. Ukizijua hatua za kazi, umeshazijua hatua za malipo.

Saa yako ni bahari

Mashua ya mbao haipandishwi pwani siku yoyote. Hungojwa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ikasukumwa juu ya magogo mpaka mahali ambapo maji ya siku za kawaida hayafiki. Kuirudisha baharini pia ni kwa bamvua. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni kama siku 14 au 15, na katikati ni maji mafu. Kwa hiyo una wiki mbili, au ukijua kazi ni kubwa, wiki nne.

Sasa fikiria pesa ya rangi imechelewa siku tatu. Hizo siku tatu hazikugharimu siku tatu. Zinakugharimu wiki mbili nzima za kungojea maji, bila samaki, na huku jua linakausha mbao na kuachanisha viungo ulivyokwisha kuvilipia. Ndiyo sababu tunasisitiza: usipandishe chombo kabla ya pesa ya vifaa kuwa tayari kwenye akaunti yako. Isiwe ni ahadi ya shemeji, wala pato la safari ambayo bado hujaenda.

Hatua ya kwanza: kujua ugonjwa

Mashua ikishasimama vizuri juu ya gadi, iosheni kwa maji baridi, chumvi yote itoke. Kwangueni mwani na makombe. Halafu chukua nyundo ndogo ugonge ubao mmoja mmoja, toka gubeti hadi tezi. Ubao mzima hulia, ubao uliooza hunyamaza. Pale uliponyamaza choma kwa ncha ya kisu. Kikizama bila kusumbuka, weka alama ya chaki. Angalia pia michirizi ya kutu chini ya vichwa vya misumari, na vile vitundu vya mdudu wa baharini anayekula mbao. Vitundu vya juu ni vidogo sana, lakini ndani huenda amekwisha kuchimba mapango.

Fanya kazi hii pamoja na fundi, na piga picha kila alama ya chaki kwa simu yako. Picha hizo ndizo mkataba wenu. Andikeni idadi ya mbao na bei, kisha mtumie ujumbe huo kwa simu ili kila mmoja awe nao. Ukipenda, karani wa BMU ya bandari yenu ashuhudie.

Tuseme hesabu imekuja hivi, na huu ni mfano tu, bei za kwenu mnazijua wenyewe: vifaa Sh 35,000 na ufundi Sh 25,000. Tenga na Sh 10,000 nyingine usiziguse. Mashua kuukuu haijawahi kufunguliwa ikakutwa na ubovu uleule uliouona nje. Ukiondoa ubao unakuta taruma lililo nyuma yake nalo limelainika, na fundi anakuja na ile sauti ya upole, "Mzee, zile mbao mbili zimekuwa nne." Huenda anasema kweli. Nenda ukaone mwenyewe, au akutumie picha kabla hujatuma hata shilingi.

Vifaa lipa mwenyewe dukani

Ugomvi mwingi tunaousikia hauhusu ufundi, unahusu ile pesa ya vifaa iliyopitia mkononi mwa fundi. Si lazima awe mwizi. Mtoto ameugua, karo imedaiwa, akaazima kidogo akitumaini kurudisha, na bamvua ikafika. Mwondolee mtihani huo. Muulize anataka nini, ukubwa gani, kisha lipa duka moja kwa moja kwa nambari ya till. Kabla ya kuweka PIN soma jina linalotokea. Likiwa si la duka ulilosimama ndani yake, simamisha. Kwa kawaida mnunuzi anayelipa kwa till hakatwi ada, na ujumbe unaobaki kwenye simu ni risiti isiyolowa maji.

Mbao nazo nunua kwa muuzaji mwenye karatasi zake. Usishawishiwe na mtu atakayekukatia taruma mikokoni Mida usiku. Ile hori ni hifadhi, na ukikamatwa hiyo Sh 10,000 ya dharura haitatosha.

Kazi yenyewe

Ubao mpya ukikaa mahali pake, msumari haupigwi hivi hivi. Hutobolewa kwanza kwa keekee, na chini ya kichwa cha msumari huzungushwa pamba iliyolowa mafuta ili maji yasipate njia. Misumari iwe iliyopakwa zinki. Ya bei nafuu isiyo na kinga utaiona tena mwakani, ikilia kutu.

Kisha ndiyo kalafati. Pamba kuukuu hutolewa yote kwenye viungo, hiyo ndiyo sehemu ya kuchosha na ndiyo mafundi wavivu hupenda kuiruka. Pamba mpya husokotwa, ikachovywa mafuta ya nazi, ya simsim au sifa, halafu ikasukumwa ndani kwa chembeu na nyundo ya mti. Ukikaa karibu utasikia mlio ukibadilika pamba inapojaa. Isishindiliwe kupita kiasi: mbao zikiingia majini zitavimba, na pamba iliyokazwa mno husukuma mbao zikaachana na taruma.

Na sasa jaribio ambalo hatutaki ulikose. Mimina maji ndani ya mashua ikiwa bado juu ya gadi, yafike juu ya viungo vilivyozibwa, kisha zunguka nje utazame. Mahali panapotoa jasho, weka chaki, fundi arudie. Halihitaji chochote isipokuwa ndoo na subira, na ndilo linalokuonyesha kama kalafati ni kalafati au ni pamba iliyobandikwa juu juu. Usilipe pesa ya hatua hii kabla ya jaribio.

Chini, sehemu inayokaa majini, wazee walipaka deheni, yaani chokaa na shahamu vilivyokandwa pamoja, baada ya kuibabua kwa moto wa makuti ili mdudu aliyemo afe. Wapo wanaofanya hivyo hadi leo, na hatuoni sababu ya kuwacheka. Moto lakini ni wa mtu anayejua, na si karibu na pamba yenye mafuta. Ukitumia rangi ya dukani ya kuzuia mwani, ifuate maelekezo ya kopo, kwa sababu nyingine hutaka chombo kishushwe ndani ya muda fulani. Hapo tena unaona, bamvua!

Juu ya mstari wa maji, paka rangi ya msingi, acha ikauke, piga msasa mwepesi, kisha mikono miwili myembamba. Mkono mmoja mzito hubabuka kabla ya kaskazi kwisha. Usipake jua la saa sita wala ubao wenye umande. Na unapokwangua rangi ya zamani tandika turubai chini, lowesha ubao na funika pua na mdomo: rangi za kale nyingi zilikuwa na risasi, na mchanga huo wa Watamu kasa hutagia mayai.

Kama chako si cha mbao

Wachache mna boti za alumini, mara nyingi zilizoletwa na wageni zikauzwa kuukuu. Huko hakuna kalafati. Kiraka kiwe cha alumini, na ribiti za alumini, kikiwa kimetandikwa gundi ya baharini. Ukitumia misumari ya chuma au shaba, maji ya chumvi yataila alumini pembeni yake. Rangi nayo: ile ya kuzuia mwani yenye shaba usiipake kabisa kwenye alumini. Uliza rangi ya msingi ya alumini kwa jina, muuzaji asikupe ya mabati tu. Jaribio la maji ndani ni lilelile, ila usiijaze. Maji ni mazito na kiunzi chake hakikuundwa kubeba uzito huo nchi kavu.

Malipo ya fundi

Turudi kwenye ile Sh 25,000 ya mfano wetu. Tuma Sh 5,000 siku ya kuanza, ili naye ajue una nia. Sh 8,000 mbao mpya zikiwa zimepigiliwa na umeziona. Sh 8,000 nyingine jaribio la maji likipita. Zinabaki Sh 4,000, na hizi ndizo huleta maneno, kwa hiyo patanani mapema: hulipwa siku tatu baada ya mashua kuingia baharini. Kwa nini siku tatu? Kwa sababu mashua iliyokauka huvuja siku ya kwanza hata kama fundi ni hodari. Utafua maji, utamlaani, kisha mbao zitavimba na uvujaji utapungua wenyewe. Ukivuja bado baada ya hapo, fundi ana kazi ya kumalizia, na wewe una sababu ya kushikilia pesa.

Tahadhari moja. Kazi ikikaribia kwisha, kila mtu pwani anajua kuwa kuna pesa inayotarajiwa. Huenda ukapigiwa simu, "Mimi ni mwanawe fundi, baba amebadilisha laini, ile ya rangi tuma hapa." Kata, mpigie fundi kwa nambari ile uliyomtumia mara ya kwanza. Au ufikiwe na ujumbe ati umetumiwa pesa kimakosa, urudishe. Usirudishe kwa kusoma ujumbe. Angalia salio lako kwanza, kisha utupigie sisi. Ukikosea nambari wewe mwenyewe, utujulishe papo hapo, maana pesa ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni kazi ngumu.

Ukishatuma ile Sh 4,000 ya mwisho, omba taarifa ya akaunti kwa kipindi chote cha kazi. Jumlisha till zote na malipo ya fundi, ugawe kwa miezi minne, Disemba hadi Machi, wakati kaskazi inavuma na samaki wapo. Hicho ndicho kiasi cha kuweka kila mwezi kwenye akiba ya kufungwa, uipe jina la mashua yako, na tarehe ya kufunguka iwe wiki moja kabla ya bamvua ya kwanza ya mwezi wa tano.